Nimeijua Mumbai kwa hospitali, sasa nataka kuizuru

BARUA

Assalaam alaykum mshauri,

Mimi ni mama wa miaka sitini na mmoja, mwalimu mstaafu. Nilifundisha historia na jiografia, na naishi Kisauni, Mombasa. Nina watoto watatu. Mkubwa anafanya kazi Doha, wa pili ameolewa Malindi, na kitinda mimba, binti, bado yuko nami nyumbani. Baba yao alifariki miaka mitatu iliyopita kwa maradhi ya figo.

Kabla hajafariki tulimpeleka India. Mambo hayo unayajua: harambee, mchango wa msikitini, na kijishamba cha Kilifi kikauzwa. Tulikaa Mumbai wiki kadhaa. Shemeji yangu alitufikisha, kisha akarudi kwenye biashara zake. Chumba tulichopanga kilitazamana na hospitali, barabara tu katikati. Njia yangu ilikuwa moja kila siku: chumbani, duka la dawa, wodini, kwa mhasibu wa hospitali, kisha chumbani tena. Mji wenye mamilioni ya watu, nami nikaujua kwa barabara moja.

Siku moja tulitumwa kwenye maabara upande wa pili wa mji, tukachukua teksi. Tukapita ufukweni. Nikaona jengo jeupe katikati ya maji, lina kuba na mnara, na watu wengi wakilifuata kwa njia nyembamba iliyokatiza baharini. Dereva akatuambia ni Haji Ali, msikiti wenye kaburi la walii. Marehemu alikuwa hoi, lakini aliinua kichwa akatazama mpaka tukapita. Akaniambia, "Nikipata nafuu tutakuja hapa. Tutakaa, tutakula kitu, tuutazame mji huu vizuri. Mji hauna kosa lolote." Nafuu haikuja. Tulirudi nyumbani, na baada ya miezi michache akatangulia mbele ya haki. Maneno hayo ya ndani ya teksi sijamwambia mtu mpaka leo.

Sasa nimepokea fedha zangu za SACCO, na moyo wangu unataka kwenda Mumbai kutembea. Si matibabu, si bidhaa. Kutembea tu, kama siku kumi hivi. Nilipolitaja jambo hili nyumbani, kila mtu aliruka. Mwanangu wa Doha alisema, "Mama, India watu huenda kutibiwa. Ukitaka kutembea njoo huku, au nikupeleke Dubai. Na kama fedha zimekuzidi, nenda umra." Umra nilijaaliwa kuifanya pamoja na marehemu, na Mungu akijaalia nitarudi, lakini si hilo ninalolitaka mwaka huu. Shemeji yangu, ambaye huleta vitambaa kutoka huko, anasema ameenda miaka nenda miaka rudi na hajaona cha kutazama ila msongamano na joto. Dada yangu ananiuliza watu watasema nini wakisikia mjane amepanda ndege kwenda kuzurura. Binti yangu peke yake ndiye aliyesema, "Mama, twende wote." Hapo kaka yake akazidi kukasirika: wanawake wawili, hakuna maharimu, watakwendaje?

Nami pia nina hofu zangu. Usiku mwingine nikiufikiria mji ule, harufu ya dawa hunijia puani. Nahofia nitashuka uwanja wa ndege niangue kilio mbele za watu. Tena najiuliza, ni haki kweli niende kustarehe mahali mume wangu alipoteseka? Na mji wenyewe, una cha kuonwa, au mimi nimeshikilia maneno ya mgonjwa tu?

Nisaidie, nimechoka kubishana na nafsi yangu.

*Mama wa Kisauni*

MAJIBU

Waalaykum salaam, dada yangu. Pole kwa msiba. Miaka mitatu si mingi kwa mtu aliyemuuguza mwenzake mpaka mwisho, tena ugenini. Ahsante pia kwa kunitobolea siri ambayo hata wanao hawajaisikia. Hilo nitalirudia.

Nikikusoma vizuri, mambo matatu yamejifunga pamoja. Kuna mabishano na jamaa kuhusu fedha na heshima. Kuna majonzi ambayo bado hayajapata mahali pa kutua. Na kuna swali ulilolitupa mwishoni kana kwamba ni dogo: mji wenyewe una nini? Mimi nataka nianze na hilo, kwa sababu naona jamaa zako wamelijibu haraka mno, na wewe umeanza kuwaamini.

Shemeji yako hasemi uongo. Mfanyabiashara akifika Mumbai huona maghala, madalali, mizigo na foleni. Mwanao naye hasemi uongo, kwani kwake Mumbai ni mahali baba alipokwenda na hakurudi mzima. Sisi wa pwani tumezoea kuingia mji ule kwa milango miwili tu, wa hospitali na wa bidhaa, na kila mlango huonyesha chumba kimoja. Marehemu mume wako, katika hali ile, ndiye aliyeona kwamba mna vyumba vingine.

Wewe ulikuwa mwalimu wa historia, kwa hiyo nitasema nawe kama mwalimu. Pale palikuwa visiwa saba vya wavuvi. Mreno alivishika tangu 1534, yule yule aliyekuja kujenga Fort Jesus hapa kwetu mwaka 1593. Mwaka 1661 visiwa hivyo vikaahidiwa kwa mfalme wa Uingereza katika mkataba wa ndoa, alipomposa binti mfalme wa Ureno, na 1668 mfalme akaikodisha Bombay, ndilo jina la zamani la Mumbai, kwa Kampuni ya Mashariki ya India kwa pauni kumi kwa mwaka. Maji kati ya visiwa yalifukiwa kidogo kidogo mpaka pakawa na nchi kavu moja. Ukisimama mtaa wa Fort leo hutauona ukuta wa ngome ulioupa jina hilo, maana ulibomolewa miaka ya 1860, gavana akiwa Bartle Frere. Naam, ndiye huyo huyo wa Frere Town, jirani zako. Ukipita Kengeleni unapita karibu na makazi yaliyoanzishwa mwaka 1875, na miongoni mwa wakaazi wake wa mwanzo walikuwa Waafrika waliokombolewa utumwani, wakalelewa Nashik na Bombay kabla ya kuletwa Mombasa. Mwanao anaposema Mumbai haituhusu ila kwa maradhi, mkumbushe anatoka Kisauni.

Mahali ngome ilipobomolewa pakajengwa majengo ya mawe ambayo mtu anaweza kuyatazama asubuhi nzima bila kulipa kitu. Upande mmoja wa uwanja wa Oval imesimama Mahakama Kuu na Chuo Kikuu pamoja na mnara wa saa wa Rajabai, uliokamilika 1878. Tajiri wa pamba Premchand Roychand aliugharimia na akaupa jina la mama yake. Husimuliwa kwamba mama huyo alikuwa kipofu, na dini yake ya Kijaini ilimtaka ale kabla jua halijatua, hivyo kengele ya mnara ikawa inamjulisha saa. Upande wa pili wa uwanja zimepangana nyumba za miaka ya 1930, zenye pembe za mviringo na rangi za maziwa, na mtindo huo unaendelea mpaka Marine Drive. Majengo ya pande zote mbili yaliingizwa pamoja kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018. Si mbali sana na hapo kuna stesheni kuu, ambayo sasa inaitwa Chhatrapati Shivaji Maharaj Terminus. Ilianza kujengwa 1878 ikachukua miaka kumi, ina kuba, minara na wanyama waliochongwa kwenye mawe, na bado inafanya kazi yake ile ile. Kutoka eneo hilo ndipo treni ya kwanza ya abiria India ilipoondoka mwaka 1853 kwenda Thane, miaka zaidi ya arobaini kabla reli ya Mombasa haijaanza kutandazwa.

Jambo jingine la kutazama, na hili naliona limewapita wageni wengi, ni kazi ya dabbawala, wapeleka chakula. Nenda stesheni ya Churchgate asubuhi inapokaribia adhuhuri. Utawaona wanaume wenye kofia nyeupe wakishusha mikebe ya chakula kilichopikwa majumbani, wakiyapanga kwa alama zilizopakwa rangi, kisha kila mmoja akakimbia na fungu lake kwenda maofisini. Kazi hii ilianza mwaka 1890. Idadi yao imepungua tangu janga la korona, lakini wapo. Mtu aliyewahi kupeleka chakula wodini kila siku atalielewa jambo hili kuliko mtalii mwingine yeyote.

Jioni watu hukaa kwenye ukuta wa bahari wa Marine Drive namna wanavyokaa watu wetu Mama Ngina Drive: familia, wapenzi, wazee, kila mtu na kitu cha kutafuna. Mji ule hula barabarani. Ipo vada pav, kiazi kilichopondwa kikavishwa unga wa dengu, kikakaangwa na kutiwa ndani ya mkate mdogo pamoja na chatne. Mla viazi karai hapati taabu nacho. Mohammed Ali Road, karibu na Minara Masjid, ni mtaa wa Waislamu, na usiku wa Ramadhani huwa haulali kwa nyama za kuchoma na phirni, kitamutamu cha maziwa na mchele. Ukivuka kwa mashua kutoka Gateway of India, lango la mawe lililo kando ya bahari, baada ya kama saa moja unafika kisiwa cha Elephanta, ambako watu wa kale walichonga mahekalu ya Kihindu ndani ya mwamba. Humo mna sanamu ya nyuso tatu yenye urefu wa karibu mita sita. Si ibada yetu, lakini kwa mwalimu wa historia ni somo. Jumatatu hufungwa.

Na kabla sijaondoka kwenye habari za mji: mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri za taarabu kwa Kiswahili. Mwanamke wa pwani yetu alikata bahari kwenda mji huo, si mgonjwa wala si mchuuzi. Dada yako akikuuliza watu watasema nini, hilo nalo ni la kumjibu.

Kwa hiyo, kama shaka yako ni kwamba mji hauna kitu, mimi hiyo siioni. Hapo ndipo maswali magumu zaidi yanapoanza, na ni yako kuyajibu.

La kwanza. Kama marehemu asingesema lile neno ndani ya teksi, ungetaka kwenda? Jiulize polepole. Yeye alitamani, na kutamani si wasia. Ukienda kwa sababu wewe mwenyewe unataka kuuona mji, basi kila kona itakuwa na kitu. Ukienda kulipa deni lake, naona hatari hii: utafika Haji Ali, utasimama pale, na deni litakuwa bado liko, kwa sababu aliyekuwa akae nawe hayupo. Yawezekana sababu zote mbili zimo ndani yako kwa pamoja, na si vibaya. Ila ni vizuri uzijue kabla hujakata tiketi.

La pili ni hilo neno kustarehe. Umelitumia kama shtaka. Lakini barua yako inaonyesha kwamba katika wiki zile zote za mateso, dakika unayoikumbuka kwa upendo ni ile aliyoinua kichwa kuutazama mji. Ni nani aliyekuambia kwamba kuutazama wewe ni kumsaliti? Kama ni dada yako, mpe heshima yake kama ndugu na upime maneno yake. Kama ni sauti yako mwenyewe, hiyo inataka kusikilizwa zaidi, huenda hata pamoja na mtu aliyezoea kuongea na wafiwa.

Kuhusu kilio, sidhani utakikwepa, na sioni aibu yake. Unachoweza kukipanga ni mazingira. Chagua malazi upande wa kusini, Colaba au Fort, mbali na mtaa ule wa hospitali ikiwa haukuwa huko. Amua mapema kama utapita kule au hutapita, na ukiona siku hiyo huwezi, usijilazimishe. Usiweke Haji Ali siku ya kwanza. Tena pale pana sharti la maji: njia ya kwenda kaburini hufunikwa bahari ikijaa, hivyo huulizwa saa za maji kwanza, jambo ambalo mtu wa Kisauni hahitaji kufundishwa. Wapo wanaoona kuzuru makaburi ya mawalii kuna mjadala katika dini. Msimamo wako katika hilo unaujua wewe.

Sasa jamaa. Mwanao anakuonea hasira, lakini mimi nasikia woga. Alikuwa Doha baba yake akiugua, akituma fedha na kusubiri simu. Ukimwambia "nataka kutembea Mumbai" husikia "nataka kurudi kule." Hajui alichokisema baba yake. Kumweleza kuna gharama yake, maana siri hiyo mmekuwa nayo wawili tu, wewe na marehemu, na ukishaitoa haitakuwa yako peke yako. Anaweza pia kulia, au kukaa kimya siku nyingi. Lakini usipomweleza, atakuwa anabishana na safari asiyoijua. Huenda akasema atakutana nanyi huko, na suala la maharimu likapata jibu bila ugomvi. Huenda akasema usubiri mpaka apate likizo, na hapo utakuwa na la kupima: kusubiri kunaleta utulivu nyumbani, lakini miguu ya miaka sitini na mmoja nayo ina hesabu zake, na likizo za watu wa Ghuba huahirishwa. Kuhusu hukumu ya mwanamke kusafiri bila maharimu, wanazuoni wana kauli zaidi ya moja, nami si mufti. Nenda wewe mwenyewe kwa shekhe unayemwamini, umweleze umri wako, nani utakuwa naye na mtalala wapi. Usiache wengine waulize kwa niaba yako.

Fedha hukunieleza vya kutosha. Je, hizo za SACCO ndizo akiba yako yote? Wewe umeona jinsi ugonjwa mmoja ulivyomeza shamba. Kama safari itakuacha bila kitu cha dharura, basi siku tano badala ya kumi, au mwaka ujao badala ya mwaka huu, si kushindwa. Kama utabaki na akiba, hiyo ni hesabu nyingine, na wanao wana haki ya kushauri tu. Habari ya umra usiifanye mashindano. Umekwishasema utarudi ukijaaliwa, nami nakuamini.

Ukielekea kwenda, angalia majira. Mvua za kusi huko hunyesha Juni hadi Septemba, barabara hufurika, na bahari ikichafuka mashua za Elephanta huwa hazitegemewi. Novemba hadi Februari ndiyo miezi ya afadhali. Viza ya utalii huombwa mtandaoni, kwenye tovuti ya serikali ya India yenyewe, kwani tovuti za kuiga ni nyingi. Mkenya asisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano, bila hicho unaweza kuwekwa karantini. Treni za mjini zina mabehewa ya wanawake, lakini asubuhi na jioni watu hushindiliwa vibaya, basi pandeni mchana. Maji ya chupa, viatu vya kutembea, na siku moja kila baada ya mbili tatu ya kukaa tu bila kwenda popote.

Ukiona moyo bado ni mzito, Dubai au Doha na mwanao si jibu baya pia, mradi uende kwa kutaka na si kwa kunyamazishwa.

Limebaki moja. Umeandika mistari mingi juu ya wanaokataa, na mstari mmoja tu juu ya aliyekubali. Kama nimekuelewa, katika familia aliyeshuhudia wiki zile za Mumbai ni wewe peke yako. Binti yako alibaki nyumbani, akamuaga baba yake na kumpokea akiwa mtu mwingine. Huenda umechukulia kwamba amesema "twende wote" ili kukufurahisha au kwa hamu ya ujana. Kabla hujamjibu kaka yake wala dada yako, kaa naye jioni moja umuulize yeye anataka kwenda Mumbai kwa nini, kisha umsikilize mpaka amalize.